Kabla Hujanunua Boti ya Mbio

Mgeni akishaona haidroplani, boti ya mbio inayoteleza juu ya maji, ikipita mbele yake mara moja, kinachofuata ni kushika simu na kutafuta boti inayouzwa. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Anapata boti safi, iko juu ya tela lake, mashine ipo, bei ya kutupa. Akifika nayo ziwani anakuta daraja lile, yaani kundi la kushindana la boti za aina hiyo, lina boti mbili mkoa mzima, na moja ni hiyo aliyonunua. Ilikuwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo.

Maneno haya ni ya anayeingia mbio za ridhaa Marekani, hasa za mashine ndogo za kufungwa tezi, yaani nyuma ya boti, chini ya American Power Boat Association (APBA), chama kilichoanza 1903. Washiriki wamepungua, hilo kila mtu analiona kwenye uwanja wa tela. Kwa hiyo swali la kwanza la mgeni lisiwe boti gani inakwenda kasi. Liwe: nitashindana na nani?

Omba klabu ikupe karatasi za matokeo za msimu uliopita. Usiangalie mshindi. Hesabu boti zilizovuka mstari wa kuanzia katika kila daraja, wikendi moja moja. Daraja lililopata boti tano kila mara ni bora kuliko lililopata kumi mara moja likatoweka. Hizo tano ndizo zitakazokuazima plagi saa nne asubuhi, na wenye nazo ndio watakaokuambia propela yako ni ya boti nzito. Tatizo kubwa la mchezo huu, tukisema ukweli, ni huruma: kila mkongwe hataki daraja lake lifutwe, basi boti ishirini zinagawanywa katika madaraja saba au manane, tatu hapa, mbili pale, na siku nzima inaisha kwa mbio ambazo mtazamaji hajui anatazama nini. Hoja ya kuunganisha madaraja ikija mkutanoni, iunge mkono, hata kama daraja lako ndilo litakalomezwa.

Jambo la pili ni mashine na vipuri vyake. Mwaka 1996 EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, ilitoa kanuni za moshi wa mashine za boti, zikaanza kutumika hatua kwa hatua kuanzia 1998 hadi 2006. Mashine za mbio hazikulengwa, lakini soko la tustroki za kabureta, mashine zinazochoma oili pamoja na petroli, likakauka, na viwanda vikakosa sababu ya kutengeneza ndogo za mbio. Leo utaona mashine za Mercury za miaka ya 1950 bado zinafanya kazi, na madaraja mengine yanaishi kwa mashine za Yamato za Japani. Hizi zina historia ya kuchekesha. Huko Japani kuna mbio za boti za kamari halali, kyotei, zilizoanza Omura mwaka 1952: viwanja 24, boti sita kwa kila mbio, mizunguko mitatu. Mashine ni mali ya uwanja na hubadilishwa kila mwaka. Zilizotolewa zikauzwa nje, na Wamarekani wa ridhaa wakajenga madaraja yao juu ya makombo hayo. Kabla ya kulipa, uliza nani ana pistoni, ringi na gia za mashine hiyo, na ana ngapi. Jibu likiwa "zinapatikana mtandaoni", endelea kutafuta.

Msimu wa kwanza, au angalau nusu yake, kaa nchi kavu ufanye kazi. Si adabu tu. Mbio zinaweza kufutwa kwa kukosa mtu wa kuandika namba za boti zikivuka mstari, mwamuzi wa kukaa kwenye kona kuangalia nani amegusa boya, mtu wa mizani, mtu wa rampu, au wafanyakazi wa boti ya uokoaji. Mizani hasa ni darasa zuri: madaraja mengi yana uzito wa chini wa boti, mashine na dereva kwa pamoja, na boti hupimwa baada ya mbio. Ukikaa pale siku moja utaona anayeshinda akifutwa kwa upungufu mdogo, kwa sababu alipima asubuhi akiwa na tangi limejaa na nguo kavu za akiba mgongoni. Utajua pia kwa nini ratiba husimama ghafla: ambulensi ikiondoka na mgonjwa, hakuna boti inayoshuka majini mpaka nyingine ifike. Saa ya ambulensi hulipiwa, bima hulipiwa, na fedha hizo hugawanywa kwa idadi ya boti. Zikipungua boti, kila aliyebaki anabeba zaidi.

Sasa boti. Ukishaipata, usianze na mwendo, anza na usukani. Mtu mmoja ashike mashine kwa mikono miwili asiiachie, mwingine azungushe usukani kulia na kushoto kwa nguvu. Usukani ukicheza hata kidogo kabla mashine haijasukuma, fuata waya wote kwa vidole, kapi kwa kapi. Uzi mmoja uliokatika unachoma kidole kabla jicho halijauona. Waya huo ubadilishwe siku hiyo hiyo. Kisha kamba ya kuzimia mashine: ifunge kwako, washa mashine, ivute. Mashine isipozima, boti haishuki. Mkono wa mafuta, yaani wa kuongezea kasi, ukiachiwa urudi wenyewe mpaka mwisho, hata ukiwa umelowa. Mavazi ni helmeti, jaketi la kuokolea maisha la mbio, na suti ya kitambaa kinachostahimili kukatwa na propela. Suti ya kuazima iwe ya saizi yako, maana ikilegea kiunoni inajaa maji na kukulemea.

Haidroplani ikiwa kasi hugusa maji sehemu tatu tu: ncha mbili za mbele, kushoto na kulia, na propela nyuma. Ndiyo maana kimo cha mashine kinaleta mabishano mengi. Weka ubao ulionyooka chini ya boti, utokeze nyuma ya tezi, upime kutoka usawa wa ubao hadi katikati ya shafti ya propela. Hicho ndicho kimo chako, kiandike. Badilisha kwa vipande vya unene wa 1/16 ya inchi, yaani milimita 1.6, kimoja kimoja, na usiguse kitu kingine siku hiyo. Mashine ikiwa juu mno, propela inashika hewa kwenye kona: mlio unapanda, boti haisogei, na tundu la maji ya kupoza linaweza kubaki nje. Ikiwa chini mno, unakokota chuma majini. Pembe ya mashine nayo: ukiisukuma propela nje, omo, yaani mbele ya boti, linanyanyuka na boti inakuwa nyepesi, tamu sana mpaka upepo wa mbele uingie chini yake na kuipindua kinyumenyume. Mgeni aanze mashine ikiwa chini kidogo na pembe imerudishwa ndani. Utakuwa wa mwisho kwenye sehemu iliyonyooka, lakini utarudi na boti yako.

Mafuta yachanganye mwenyewe. Mvuvi wa tustroki ya kawaida amezoea 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Mashine nyingi za mbio hutaka oili zaidi; kwa 20 kwa 1 ni lita nzima. Fuata kiasi alichosema aliyeijenga mashine hiyo, si rafiki yako wa tela la jirani. Petroli yenye ethanoli hunyonya unyevu, usiiache kwenye kabureta hadi wikendi ijayo.

Kuanza ndiko kunakowashinda wengi. Boti hazisimami mstarini. Zinazunguka majini, saa kubwa inaanza kuhesabu dakika ya mwisho, na unatakiwa uvuke mstari kwa kasi yote mshale ukifika sifuri, si kabla. Ukiwahi umefutwa. Hesabu yake ni hii: maili 60 kwa saa ni karibu mita 27 kwa sekunde. Kama boya la mwisho la kona liko mita 270 kabla ya mstari, unahitaji sekunde 10. Basi mshale ukionyesha 10 uwe unalipita boya hilo na mkono wa mafuta umebonyezwa wote. Wakati wa mazoezi pita hapo mara tatu ukihesabu, kisha chagua alama ya nchi kavu, mti au paa, usitegemee boya pekee maana boti ya mbele italificha. Kuchelewa sekunde moja ni mita 27 tu, na mgeni anazihitaji. Pita nje, mbali na msongamano wa kona ya kwanza, ambako manyunyu ya maji yanakufanya usione hata omo lako.

Na usidharau nafasi ya tatu. Kila raundi alama ni 400, 300, 225, 169, 127, na kuendelea, kila moja robo tatu ya iliyotangulia. Kwa raundi mbili, anayeshinda ya kwanza na kuvunjikiwa mashine katika ya pili ana 400. Wa tatu mara mbili ana 450.

Mtoto wako akitaka, mlete. APBA ina daraja la vijana kuanzia miaka 9, mashine ikiwa imezibwa pumzi ili isikimbie sana. Boti ya mtoto huleta wazazi, na wazazi huleta mikono ya rampu.

Boti itapinduka, leo au kesho. Mashine iliyozama ikiwa inazunguka usiivute kamba kwa pupa. Toa plagi zote, geuza matundu yaangalie chini, zungusha flaiwili kwa mkono taratibu. Ikigoma kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, acha: huenda maji yalibanwa juu ya pistoni wakati wa kuzama yakapinda konrodi. Ikizunguka, endelea mpaka isiteme maji. Mwaga tangi, bomba na bakuli la kabureta, vyote, hata kama petroli inaonekana safi. Tia mafuta yenye oili nyingi matunduni, zungusha tena, kausha magneti, funga plagi mpya, washa. Angalia na oili ya giaboksi: ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imekwisha. Kinachoua mashine ni hewa inayofuata baada ya maji, kwa hiyo kama huwezi kufanya haya yote ndani ya saa chache, izamishe tena kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi mpaka upate nafasi, hasa ikiwa ilizama kwenye maji ya chumvi.