Kabla hujaandika taarifa kwa umma, zungumza na mlinzi wa getini

Jumatatu moja, miaka kadhaa iliyopita, mfumo wa kompyuta wa SACCOS niliyokuwa nikiifanyia kazi hapa Tabora uligoma. Akaunti hazifunguki, hela haiwekwi wala haitolewi. Fedha za wanachama zilikuwa salama kabisa, mashine ndiyo iliyokuwa na tatizo. Lakini ilipofika saa nne asubuhi ujumbe wa sauti ulikuwa umeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Isevya mpaka Urambo: chama kimefilisika, wahi kachukue chako.

Nilikuwa afisa uhusiano. Nikafanya nilichofundishwa, nikajifungia ofisini na meneja kuandika taarifa kwa umma. "Uongozi unapenda kuwataarifu wanachama wote kuwa..." Tukabishana neno kwa neno, tukamsubiri mwenyekiti wa bodi aje kusaini, tukagonga mhuri. Ikatoka saa nane mchana. Muda wote huo watu walikuwa wamejaa getini, na aliyekuwa akiwajibu ni mzee wetu wa ulinzi. Mama mmoja aliyekuja na basi la asubuhi alimuuliza, "Baba, ni kweli hela zetu zimeliwa?" Mzee akamjibu kwa unyoofu wake wote, "Mama yangu, hata mimi sijui. Wameingia ndani wamefunga mlango."

Hakudanganya. Na maneno hayo ndiyo yaliyosafiri: hata mlinzi kasema wamejifungia. Karatasi yetu yenye mhuri haikuyafikia. Wiki ile watu walipanga foleni kutoa amana zao, wengine hela ya ada ya watoto waliyoiweka kidogokidogo mwaka mzima. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu dakika tano za kuzungumza na mzee yule saa mbili asubuhi zingetosha kulizuia.

Nilipoanza kusoma tafiti za fani yangu nilikuta wenzetu wameshalichunguza jambo hili. Mwaka 2011 Jeong-Nam Kim na Yunna Rhee walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa Korea Kusini: wanasema nini huko nje juu ya mahali pao pa kazi, na wanarudi na habari gani kutoka huko. Walichokiona ni kwamba yote mawili yanategemea uhusiano uliopo kati ya mfanyakazi na taasisi yake. Anayeaminiana na wakubwa wake huisemea mema bila kutumwa. Kwa mji kama wetu nadhani nguvu yake ni kubwa zaidi. Mtu wa Tabora akisikia jambo haendi kwenye tovuti. Anamuuliza anayemfahamu: mlinzi, binti wa dirishani, mama wa usafi anayesali naye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ningeutoa hata kama ningeruhusiwa mmoja tu: likitokea tatizo, dakika kumi za mwanzo ni za wafanyakazi. Wakusanye wote, mlinzi akiwa wa kwanza. Waambie mnachokijua, msichokijua bado, na saa mtakayorudi kuwapa jibu. Tumia sentensi fupi. Kisha muulize mzee, "Baba, mtu akikuuliza utamjibuje?" Akikwama, kosa liko kwenye maneno yako, yabadilishe palepale. Mzee wetu aliwaeleza wazee wenzake kwa Kinyamwezi vizuri kuliko bango lolote nililowahi kuchapisha.

La pili lilinichukua muda mrefu kulikubali. Jim Macnamara, mtafiti wa Australia, alichunguza jinsi taasisi zinavyosikiliza, na mwaka 2016 akaandika kwamba kwa wastani asilimia 80 hivi ya nguvu na fedha za mawasiliano huishia kwenye kusema. Nikaichukua wiki yangu moja nikaihesabu: mabango, tangazo la redio, picha za mtandaoni, hotuba ya mwenyekiti. Kusikiliza hakukuwemo kabisa. Nikanunua daftari la kaunta, nikaliweka getini, kila swali la mwanachama likaandikwa kama lilivyoulizwa. Ndani ya mwezi mmoja tulijua kwamba watu wengi hawakuelewa kwa nini makato ya mkopo yanaanza mwezi uleule wanaochukua. Fomu ilikuwa imeeleza hivyo miaka yote, kwa lugha ya mwanasheria. Tukaiandika upya.

Kusikiliza kunaanzia ndani. Baada ya mkasa ule nilizungumza na kijana wetu wa TEHAMA. Alijua wiki mbili kabla kwamba seva imejaa. "Mdogo wangu, kwa nini hukusema?" Akaniambia aliwahi kusema jambo mwaka uliotangulia, akaulizwa mbele ya watu kama yeye anajua kuliko meneja. Elizabeth Morrison na Frances Milliken waliandika juu ya ukimya wa namna hii mwaka 2000: watu hunyamaza kwa sababu wanaona kusema ni hatari, au hakusaidii. Meneja akimvunja mtu mmoja kikaoni, amewanyamazisha wote waliokuwa wakitazama. Nawaomba wakuu wa idara mlishike hilo.

Wakubwa wengi wanaogopa kulitangaza tatizo lao kabla halijavuja. Naielewa hofu hiyo, lakini utafiti hauko upande wao. Laura Arpan na David Roskos-Ewoldsen walionyesha mwaka 2005 kwamba taasisi inayotangulia kusema baya lake yenyewe huaminika zaidi kuliko ile ambayo baya lake limesemwa kwanza na wengine.

Siku hizi vijana wananiuliza kuhusu akili unde (AI). Itumie kufupisha ripoti ndefu, sina ugomvi nayo. Ila usiipe majina ya wanachama wala salio zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na siri ya mtu ilikuwa amana hata kabla ya sheria. Na ikikuandikia tangazo, lisome kwa sauti mbele ya mtu wa getini kabla hujalitoa.

Mwaka uliofuata mtandao nao ulikatika, siku ya mishahara ya walimu. Saa mbili kasoro robo tulikuwa wote chini ya mwembe wa uani, pamoja na mama anayetuletea chai. Saa tatu nilisimama dirishani nikamsikia mzee: "Mama, mtandao umekatika, hela yako ipo. Wanahangaika nao. Saa sita watatuambia. Kaa hapo kivulini." Yule mama akakaa.

Saa sita ilipofika hatukuwa na jibu. Nikatoka nje hivyohivyo, nikawaambia bado, nitarudi saa nane. Wawili wakaondoka. Waliobaki wakaagiza chai.