Studio si lazima kwanza

Dada, umeuliza kama vijana wa Lamu waweza kufundishwa utangazaji bila studio. Waweza sana. Simu yatosha kurekodi, na Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni bure. Sisi tulianzia chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani kwa sababu ya mwangwi. Kosa letu la kwanza lilikuwa upepo: mahojiano mazima na mvuvi pale gatini, kilichosikika ni vuuu tu. Siku hizi maikrofoni tunaivika soksi (safi, jamani).

Lakini kazi hasa ni kuuliza. Kijana akimuuliza mvuvi, “Bandari mpya imekuathiri?” atajibiwa “ndiyo”, basi. Amuulize, “Zamani ukitega wapi, na leo je?” Hapo mzee hanyamazi. Na kabla kipindi hakijaenda hewani, asikilizishwe yeye kwanza.