Mikoko yangu mia mbili

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nataka kujitolea kwenye kazi za kutunza mazingira. Nianzie wapi, na mwisho wanatoa cheti?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo la cheti niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, miaka sita iliyopita.

Siku yangu ya kwanza tulikuwa watu kama arobaini, fulana mpya, bango limetandazwa. Maji yalikuwa yamepwa na tope liko wazi mbele yetu, tambarare kama uwanja wa mpira. Tukagawiwa mbegu za mkoko, zile ndefu mfano wa mshumaa. Jembe halihitajiki, unachomeka tu. Asubuhi ile nilichomeka mia mbili, nilizihesabu! Picha niliyopigwa nikiwa na tope hadi mapajani niliisambaza kwa kila ninayemjua.

Baada ya miezi mitatu nilirudi peke yangu kuwatazama "watoto" wangu. Nilikuta vijiti. Vingine vimelazwa na mawimbi, vingine vimegandwa na vidudu vyenye magamba hadi vimeinama, na vingi havikuwepo kabisa. Vyenye jani la kijani vilikuwa kumi na kimoja.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza, "Mwanangu, kama mkoko ungependa kukaa hapo, si ungeshaota wenyewe?" Akanionyesha kwa kidole: miti ya mikoko iko aina nyingi, na kila mmoja una mahali pake. Mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, ni pa mlilana. Mkoko wenyewe, huu tuliopanda, hukaa nyuma yake. Mkandaa uko juu zaidi, ambako maji hayafiki kila siku, huku mchu ukiota kule juu na hata huku mbele. Pale tulipopanda sisi palikuwa chini mno. Maji yalikuwa yanaifunika miche kwa saa nyingi kuliko inavyoweza kuvumilia. Baadaye nilisoma kwamba Sri Lanka ilipanda mikoko kwa wingi baada ya tsunami ya Desemba 2004, na maeneo mengi yakashindwa, mojawapo ya sababu ikiwa hiyo hiyo ya kupanda pasipofaa.

Nilipowapelekea viongozi wa kikundi habari hizi niliambiwa navunja watu moyo. Jioni yake nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp. Sitadanganya, bado inaniuma. Ripoti yao ilitaja miche iliyopandwa. Iliyoishi haikutajwa.

Nikahamia kwa wenzangu wengine, wachache, wasio na fulana. Miaka miwili ya mwanzo siisimulii, ilikuwa kupima kina cha maji na kuokota takataka. Kisha tukagundua tuta la zamani lililokuwa limezuia maji yasiingie kwenye msitu uliokuwa unakauka. Tulilitoboa kwa majembe na ndoo, siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, migongo ikitulilia. Hatukupanda hata mche mmoja. Bamvua zilizofuata, yale maji makubwa, zikaleta mbegu zenyewe, na leo ukisimama pale mlilana umenipita kimo. Hapo najisifu, niacheni.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kujitolea: kabla hujashika jembe, omba uonyeshwe miche ya mwaka jana. Wakikupeleka, baki. Wakikuonyesha picha, ondoka. Uliza nani anarudi kuhesabu. Uliza tena. Zungumza na anayeishi karibu na maji kabla ya kumsikiliza mwenye kipaza sauti. Na urudi wewe mwenyewe, siku isiyo na bango, hata kama utakuta vijiti. Tumezoea mno kupanda na kuondoka, halafu tunailaumu bahari!

Viatu vifunge kamba barabara, la sivyo tope litabaki navyo.

Na cheti, ndiyo, nilipewa. Kwa ile asubuhi ya mbegu mia mbili.