Bretagne: Soma Maji Kabla ya Kupanga Siku

SWALI: Habari za kazi. Mwishoni mwa Septemba tuna harusi ya binamu mjini Rennes, Ufaransa. Baada ya hapo mimi na mama, ambaye magoti yanamsumbua, tuna siku tatu za kutembelea pwani. Tusikose kuona nini? Sisi tumezoea ziwa tu.
Msomaji, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Hongereni kwa harusi. Tuanze na hilo la ziwa, maana ndilo litakaloamua siku zenu. Pale Dunga, mashua iliyofungwa asubuhi utaikuta jioni ikielea palepale. Lakini Saint-Malo, mji wa bandari kwenye pwani ya Bretagne (mkoa ambao Rennes imo), bamvua kubwa, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, hupandisha na kushusha bahari hadi mita 12 hivi kwa muda wa saa sita. Mashua iliyokuwa ikielea asubuhi, alasiri imelala ubavu kwenye tope. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na kubwa kabisa za mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba.

Kwa hiyo pateni kwanza jedwali la maji kwenye ofisi ya utalii. Angalieni saa ya maji kupwa, kisha namba iitwayo coefficient, inayoonyesha ukubwa wa kujaa na kupwa, inayokwenda kutoka 20 hadi 120. Ikizidi 95, hiyo ni bamvua kubwa. Hakikisheni pia kama saa ya kiangazi (saa husogezwa mbele kwa saa moja) imeshahesabiwa, kwa sababu si kila jedwali huihesabu.

Saint-Malo ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka Rennes. Kuta za mji wa kale zina mzunguko wa karibu kilomita 2, na kuzitembea ni bure. Mama akishamaliza ngazi za kupandia, juu ni pa kutembea polepole. Mji uliteketea 1944 ukajengwa upya kwa mawe yaleyale ya matale, na mgeni asiyeambiwa hawezi kudhani.

Maji yakipwa, njia ya mawe hufunguka kwenda kisiwa cha Grand Bé, lilipo kaburi la mwandishi Chateaubriand: msalaba wa jiwe usio na jina, umeelekea bahari. Njia hiyo ina mwani unaoteleza, kwa hiyo mama abaki ukutani. Nenda maji yakiwa bado yanapwa, na urudi mara yanapoanza kujaa. Wengi hukosea hapa: saa ya kwanza maji hupanda kidogo tu, mtu akatulia, kumbe saa ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya maji yote. Ukikuta njia imefunikwa, usijaribu kuvuka. Kaa kisiwani saa sita hivi mpaka ifunguke tena.

Mont-Saint-Michel, kilima cha mwamba baharini chenye abasia (nyumba ya watawa) juu yake, iko ng'ambo kidogo ya mpaka wa Bretagne, upande wa mkoa wa Normandie. Kutoka maegeshoni kuna basi la bure la kilomita 2.5 hivi. Abasia iko juu ya ngazi zipatazo 350, nasi hatumshauri mama azipande. Daraja lililofunguliwa 2014 ni tambarare na mandhari yake ni bora zaidi kuliko ya ndani. Coefficient ikizidi 110, maji huzunguka mlima wote. Msitembee kwenye mchanga wa ghuba bila kiongozi: kuna sehemu humeza miguu, na maji huja kutoka pande zisizotarajiwa.

Siku ya tatu pelekeni tumbo Cancale. Pale bandarini chaza hufunguliwa mbele yako, hukamuliwa limau na kuliwa wabichi, na maji yakipwa utaona mashamba yao yamejitokeza ufukweni. Mkipita kati ya Saint-Malo na Dinard, barabara hupita juu ya bwawa la Rance, ambalo tangu 1966 huzalisha umeme kwa maji hayohayo ya kujaa na kupwa: mitambo 24, megawati 240, mara nne ya Sondu Miriu. Mawe ya Carnac, yaliyosimamishwa kwa safu na watu wa kale, yaacheni safari hii. Yako pwani ya kusini na yatawamalizia siku nzima.

SWALI: Viza ya Ufaransa niombe lini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mapema iwezekanavyo kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari iwe na kinga ya angalau yuro 30,000, na pasipoti iendelee kuwa halali miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Panga safari ya Nairobi kwa ajili ya alama za vidole.