Oili ya giaboksi ndani ya maji ya rejeta

Ndugu yangu, maji mazito ya rangi ya waridi uliyoyakuta kwenye rejeta ya gari lako la gia otomatiki, mara nyingi huonyesha kwamba kipoza oili kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta kimetoboka, hivyo oili imeingia kwenye maji na maji yameingia kwenye giaboksi. Tafadhali usiliwashe tena gari hilo, kwani maji hubandua utando wa msuguano kwenye sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi, na giaboksi ni ghali mno kuliko rejeta. Usijaribu kukiziba kipoza hicho kwa gundi. Rejeta mpya unaweza kuifunga mwenyewe nyumbani injini ikishapoa kabisa, lakini usafishaji wa giaboksi mwachie fundi.