Kabla Hujashika Tawi: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kuzima Moto wa Msitu, Malindi

Ndugu zangu mnaojiunga na vikundi vya kulinda msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa Jilore, Kakuyuni na Gede, nimeombwa niwaeleze namna ya kuzima moto, nami nimeonelea nianze na yaliyotangulia, kwa sababu asiyejua kazi hii ilikotoka hapa kwetu atawaudhi watu ambao siku ya moto atawahitaji.

Wengi huja wakidhani kwamba kuzima moto kulianza na mabomba ya mgongoni na magari ya serikali. Sivyo. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya mababu, zilikuwa na miiko yake, na aliyekata mti ndani ya kaya alitozwa mbuzi au kuku kwa kosa lake, muda mrefu kabla ya serikali ya kikoloni kutunga sheria ya misitu mwaka 1902. Mzee aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba babake hakuchoma shamba jipya kamwe bila kuwapelekea majirani habari siku moja kabla, kufyeka ukingo wote mpaka mchanga uonekane, na kungoja jioni upepo wa baharini ulegee. Hakuna aliyeuita utaratibu huo kuzima moto, ingawa ndio uliokuwa msingi wake.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi, ulitangazwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni mwaka 1932, na mwaka 1943 ukachapishwa rasmi katika gazeti la serikali. Kwa hiyo moto ukawa shughuli ya askari wa misitu na machifu, na wanakijiji wakawa watu wa kuitwa kwa amri moto ukishawaka. Likumbukeni jambo hili mnapoingia vijijini. Mwaka 1914, katika vita vya Wagiriama na Waingereza, askari wa serikali ndio waliochoma nyumba za watu na kuilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kwa maoni yangu, mtu ambaye babu yake alichomewa nyumba na serikali hakuwa na sababu ya kukimbilia kuokoa msitu ulioitwa wa serikali, na haikuwa haki kumwita mvivu. Mambo yalianza kubadilika watu walipoona manufaa yao wenyewe, kama wale wanaofuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993, na baadaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilipovipa vyama vya wanajamii nafasi katika usimamizi.

Jifunzeni udongo kabla ya vifaa. Penye mchanga mweupe huota mrihi, ambao matawi yake hupitisha mwanga, na nyasi zilizo chini yake hukauka kaskazi inapovuma, miezi ileile ambayo wakulima wanatayarisha mashamba kabla ya masika. Hapo moto hukimbia. Upande wa magharibi, penye udongo mwekundu, miti imesongamana, moto huingia kwa shida, lakini ukishaingia ni vigumu kuufikia.

Wala msione haya kuanza na matawi mabichi na magunia yaliyoloweshwa. Huko Australia, wakulima wa Berrigan, New South Wales, waliunda kikosi chao cha kuzima moto wa nyika mwaka 1896, na wao pia walianzia kwenye vifaa vya shambani. Mwaka 1939 moto uliua watu 71 katika jimbo la Victoria, na tume iliyochunguza ilieleza kwamba mioto ile iliwashwa na mikono ya watu. Hata kwetu moto mwingi hutoka kwa mchoma makaa, mrina asali au mkulima mwenye haraka, kwa hiyo mazungumzo na watu hao mwezi wa Desemba ni sehemu ya kazi yenu sawa na panga na jembe.

Siku yangu ya kwanza niliinua tawi juu ya kichwa na kuupiga moto kwa nguvu zote. Mzee yule alinishika kifundo cha mkono, akaniambia, "Mwanangu, unapanda cheche." Akaliweka tawi lake juu ya ndimi za moto, akalikandamiza, akalivuta taratibu kuelekea palipokwisha kuungua, na moto ukafa bila kurusha kitu. Jioni tulipita kwenye majivu tukipima visiki kwa kuvikaribia na mgongo wa kiganja, si kiganja chenyewe, maana mwenye kiganja kilichoungua hawezi tena kushika jembe. Kisiki kimoja cha mrihi nilikiruka kwa uchovu. Kesho yake saa saba mchana, upepo ulipoinuka, kiliwaka tena na kuteketeza uwanda tuliouokoa usiku kucha, na tangu siku hiyo mimi hurudi mahali pa moto siku tatu mfululizo, mchana wa jua kali, nikiwa na jembe na mtungi wa maji.