Tusimfundishe mtoto kusamehe kwa kumnyamazisha

Katika nyumba nyingi za hapa Goma, watoto wakigombana, mzazi huwaamuru wapeane mikono, aliyekosa aseme "nisamehe", na mambo yaishe hapo. Nimelea watoto wangu na kufundisha shule ya Jumapili kwa muda wa kutosha kuona kwamba amani ya namna hiyo ni ya mtu mzima anayetaka utulivu, huku mtoto aliyeumizwa akibaki na uchungu wake. Nawashauri wazazi wenzangu wamsikilize mtoto kwanza, ndipo wamwombe asamehe.

Utaratibu huo umo katika Injili. Katika Luka 17:3 Yesu anasema ndugu akikosa akemewe, naye akitubu asamehewe. Kosa linatajwa kabla ya kuachiliwa. Zakayo mtoza ushuru naye hakuishia kwenye maneno, bali aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kwa hiyo kwangu, mdogo akimwaga bidoni (dumu) la maji ambalo yaya yake, yaani kaka au dada yake mkubwa, amelitoa ziwani na kulipandisha hadi nyumbani, anasema mwenyewe alichofanya, kisha anashika bidoni na kumsindikiza kuchota mengine. Mara nyingi hasira ya mkubwa huisha njiani, bila mimi kumsihi.

Mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18, yule aliyesamehewa na bwana wake deni la talanta 10,000 kisha akakataa kumsamehe mwenzake deni la dinari 100, ninaufundisha kwa hesabu, kwa sababu watoto wanaotumwa dukani kila siku wanaelewa fedha vizuri. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Basi deni la talanta 10,000 ni ujira wa siku milioni 60, ambao hakuna awezaye kuulipa. Jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka ni deni la pili. Dinari 100 ni kazi ya zaidi ya miezi mitatu, na kwa mtu maskini hizo ni fedha nyingi. Yesu hakusema kwamba mtumwa yule hakudai kitu. Mtoto akilielewa hilo, anajua kwamba tunapomwomba asamehe hatumwambii kwamba maumivu yake ni madogo, na nimeona watoto wagumu wakilegea kwa neno hilo moja.

Kuhusu wema, tunaye shahidi wa mji wetu. Floribert Bwana Chui, aliyeuawa hapa Goma mwaka 2007 akiwa na miaka 26, alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani na kuwadhuru watu, na aliwapenda watoto wa mitaani, wale tunaowaita maibobo. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Ninawasimulia watoto habari zake ili wasidhani kwamba mtu mwema ni yule anayekubali kila kitu. Kisha nawaachia watende: mtoto na ampelekee jirani mgonjwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa mkono wake mwenyewe, zikiwa zimetoka katika sahani yake.

Lakini katika mji huu lipo swali zito kuliko ugomvi wa bidoni. Mtoto aliyempoteza papa yake vitani, au aliyekimbia kijiji chake usiku, huuliza kama Mungu anamtaka awasamehe waliofanya hivyo. Simjibu kwa haraka, wala simruhusu mtu yeyote amwambie kwamba asiposamehe leo Mungu amemkataa. Namwambia kwamba kusamehe ni kukataa kulipiza kisasi, na kwamba hakumzuii kudai haki wala kulia. Tunasoma pamoja Zaburi ya 13, ambapo mwenye kuomba anamuuliza Bwana "hata lini", tena na tena. Baadaye wengine huanza wenyewe kuwaombea adui zao. Wengine bado hawajaweza, nao huketi darasani pamoja na wenzao, wanaimba na kupokea baraka ileile.